Bingwa na Jirani Yake

Jumatatu, 24 Februari
Bosi ametoka mkutanoni na wazo. Bakteria wetu wa bwawani, yule anayekula mafuta machafu majini, sasa anaitwa Bingwa. Wafadhili wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo na Bosi anataka wamwone kwenye chupa peke yake, bila bakteria wengine. Wengine ni uchafu tu, kasema. Mkataba wangu unaisha siku hiyohiyo. Nikimpa Bingwa aliye hai, ataniongezea mwaka. Nimeitikia ndiyo, Bosi. Ningesema nini tena?

Alhamisi, 27 Februari
Nimemtenga Bingwa. Mafuta yake, joto lake, chupa mpya kabisa. Kafa. Nimemtenga tena — kafa tena.

Ijumaa, 28 Februari
Nimempata mchawi! Kuna bakteria mwingine, mweupe, mdogo, hana hata sura ya kupigwa picha. Anatengeneza vitamini ambayo Bingwa hawezi kujitengenezea. Naye anaishi kwa mabaki ya mlo wa Bingwa. Nimembatiza Jirani. Nikamweleza Bosi, hakuinua macho kwenye simu. Nani atafadhili vitu viwili, kaniuliza.

Mama wa usafi alikuwa anapiga deki mlangoni, akacheka chinichini. Mwanangu, kaniambia baadaye, huyo hata funguo za ofisi yake namtunzia mimi.

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua kufanya kwa siri. Tangu juzi, kabla Bosi hajafika, natia tone moja la Jirani kwenye chupa ya Bingwa. Leo maji ni safi, mafuta hakuna. Bosi kapiga picha kumi na mbili. Kumi yumo yeye.

Jumatano, 5 Machi
Ripoti imechapishwa. Jina ni moja, la Bosi. Langu lilikuwepo kwenye rasimu, nililiona kwa macho yangu. Majina mengi yanawachanganya wageni, kasema, nisiweke kinyongo, mimi ni kama familia. Nimeumia sana. Nimeosha chupa ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Naandika chooni.

Wageni wamebadilisha mpango. Wanataka chupa mpya, mbele yao. Watatia mafuta wenyewe, waifunge kwa lakiri, warudi Jumatatu kuangalia. Bosi kawaambia hakuna shida, Bingwa hahitaji msaada wa mtu. Wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Jirani ninaye, kwenye kichupa mfukoni mwa koti. Mkataba wangu uko mezani kwa Bosi, haujatiwa sahihi. Nikitia tone, uongo wake unasimama. Nisipotia, Bingwa anakufa na mkataba unamfuata.

Mlango unagongwa. Ni Bosi. Ananong'ona kupitia tundu la ufunguo, na tangu niajiriwe hajawahi kuniita dada.

"Dada, samahani. Yule mwingine, yule mweupe. Ulisema anaitwa nani vile?"

Nakishika kichupa mfukoni. Anagonga tena, polepole.