Shibiri Saba za Dada

Ijumaa, jioni. Mawingu yametanda Muyeye tangu alfajiri, na mvua haikunyesha.

Leo tumemzika dada yangu mkubwa, Mwanaisha.

Kwetu, wanawake wakishamwosha marehemu, mmoja humpima ili mchimbaji ajue urefu wa kaburi. Kazi hiyo hupewa mimi. Kwa kawaida nakata uzi wa kimo chake, unapelekwa makaburini. Leo sikuweza hata kushika mkasi. Nikampima kwa shibiri, kwa mkono wangu huu mpana unaokanda mahamri yanayosifiwa hadi Mambrui, nikampigia simu Mzee Omari mchimbaji. Saba kamili.

Binti yangu Rukia, yuko kidato cha tatu, alikuwa ameketi kichwani pa mamake mkubwa. Akaniuliza taratibu, "Mama, shibiri saba za nani?"

Nilitaka kumkemea. Kisha nikamkumbuka Mzee Omari, mtu mfupi, viganja kama vya mtoto.

Rukia akamnyooshea marehemu uzi, akaukata, akampa babake akimbie nao makaburini. Babake akakuta kaburi tayari. Fupi.

Akaunyoosha uzi humo, akapiga fundo pale kaburi lilipoishia, wakachimba hadi mwisho wa uzi. Dada amelala amenyooka, alhamdulillahi.

Uzi umerudi nyumbani. Rukia ameupima kwa rula mkekani: wote, sentimita mia moja sitini na moja, kutoka kwenye fundo hadi mwisho, ishirini na moja. Akagawa, akazidisha kwa mia. Nimekosea kwa asilimia kumi na tatu.

Akanieleza, macho yamevimba kwa kulia, kwamba kosa halipimwi peke yake, hulinganishwa na kitu chenyewe. Sentimita hizo zikipungua kwenye ua wetu, hakuna atakayejua. Kwa mamake mkubwa ni kichwa na shingo. Nikamwuliza, na wewe hukukosea? Akasema lazima, uzi huvutika, labda nusu sentimita. Lakini kosa lake analijua ukubwa.

Mimi langu sikulijua. Nilisema "kamili."

Niliishia darasa la saba, na sioni haya. Huyo nimemzaa mimi, na leo mji mzima wa matanga umemjua ni wa nani.

Nimejaribu kulifungua lile fundo. Nimeshindwa, nimeufunga uzi kwenye pindo la leso.

Siku yangu ikifika, Rukia, nipime wewe.