Mahali Ulipomwachia Mama Aimbe

Mwaka umetimia leo, Baba yetu Mwiti, tangu mapafu yako yalipokushinda ukatuacha hapa ugenini, Campbelltown. Tuliambiwa muda huponya. Labda kwa wengine.

Ulikuwa mpole hata kwa vitu. Kwenye bohari ulikopakia mizigo walikuita Mista Pole, kwa sababu uliliambia pole hata boksi lililoanguka. Chai uliinywa imeshapoa. Kinanda chako cha mdomo kilikaa mfukoni mwa shati, kimefungwa kwa leso. Wenzako walikutania, Mmeru na nyimbo za country, za wachunga ng'ombe wa Marekani, wapi na wapi? Ukawauliza hao wenye country wana ng'ombe wangapi wa kukushinda.

Nyimbo zako zote, thelathini na moja, ulizirekodi kwa simu ndani ya gari, kwenye maegesho ya stesheni, ukimngoja Mama arudi na treni kutoka Merrylands alikowatunza wazee. Ulifunga vioo ukapiga country yako taratibu, na katikati ya kila wimbo ulinyamaza kidogo. "Hapa ni pako, Mama Jacky," ulimwambia kila ulipomsikilizisha. Mlijuana kwenye kwaya ya kanisa, na ni sauti yake iliyokunasa.

Mama alisema ataimba akipata off, siku ya kupumzika kazini. Off ilipokuja, kulikuwa na nguo za kufua. Miaka tisa ikapita hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yanayouma sasa ni ya kwake.

Maana katika nyimbo hizo sauti yake imo, lakini mwishoni tu. Mlango wa gari unafunguka, naye anasema, "Zima hiyo, Baba Jacky, twende. Nimechoka."

Tangu tukuzike hakuweza kuzisikiliza. Jumamosi iliyopita alituita sebuleni akasema ataimba, tukurekodie, leo tukuletee kaburini. Maneno alikuwa ameyaandika nyuma ya bahasha. Tukawasha simu yako, ukapiga, tukasikia hata ulivyovuta pumzi, kisha ukanyamaza. Mama akafungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Mum, just one line, mstari mmoja tu," Jacky alimwambia, amemshika mkono.

Alijaribu mara nne. Kila mara nafasi yake ilipita bure, nawe ukaingia tena kwa furaha, kama mtu aliyeimbiwa.

Mara ya nne tuliuacha wimbo ukaenda mpaka mwisho. Mlango ukafunguka, tukamsikia Mama wa siku zile akikuambia uzime, mwende, amechoka. Mwanao Elkana akanyoosha mkono kwenye simu aizime.

"Usizime," Mama alisema. Lakini wimbo ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo leo tumekuja mikono mitupu, Baba. Utusamehe.

Wanaokulilia ni mkeo Waceke, wanao Jacky na Elkana, na ndugu zako wote walioko Meru. Siku zote tulizobakiwa nazo, tutakukumbuka.