Stroberi na Nyasi Zako, Shangazi

Shangazi, shikamoo.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sababu nikianza kuongea na wewe bila salamu najua utanitafutia kofi hata huko uliko. Ni mimi, mtoto wa kaka yako, yule uliyemtoa Sindeni kwa Wazigua wa mama yake ukamleta huku Lutindi kwenye baridi. Watu wanasema kidato cha pili kilinishinda. Waongo. Tuliachana kwa amani.

Nakuandikia habari za stroberi zako. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unune.

Siku tulipomaliza matanga, baba mdogo alisema matuta yako yatifuliwe, apande kabichi. Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Niachieni mpaka vuli. Stroberi nazijua kuliko Shangazi mwenyewe." Ndiyo, nilisema hivyo. Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka. Baba mdogo akanitazama, akasema, "Haya, mpaka vuli. Vuli ikikukuta mikono mitupu, ni kabichi."

Sasa, Shangazi, kuna kazi moja sikuifanya. Unaijua. Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza, "Umetandika?" utadhani matuta yanasubiri wageni walale. Kukata nyasi, kuzianika, kupiga magoti na kuzipenyeza chini ya kila shina mpaka mgongo unalia. Mimi nilijua unanitafutia tu kazi ili nisishuke Segera kupiga soga. Basi ulipoondoka nikapumzika. Masika yakaja, matone yakarusha tope, kila tunda lililogusa udongo likaota ukungu. Nilichookota kizima kilienea kwenye kofia yangu. Na kofia yangu ndogo.

Nikakipeleka hichohicho Segera. Unajua mdomo wangu. Nikasimama chini ya madirisha ya mabasi, nikapaza sauti, "Stroberi! Tunda la mrija! Wazungu walikuwa wanalifyonza kwa stro, ndiyo maana likaitwa stroberi!" Watu wakacheka, wakanunua. Nikajiona msomi kinoma.

Mama mmoja aliyekuwa ameshuka kunyoosha miguu, mwalimu wa Kiingereza huko Korogwe, akaniita. "Njoo hapa, profesa. Hiyo maana umeisoma wapi?" Nikamwambia nimejisomesha. Akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaniambia, taratibu kama anafundisha mtoto: beri ni kitunda kidogo, na stro, kabla haijawa mrija wa soda, ni bua kavu, nyasi kavu. Jina ni la zamani mno, na hakuna anayejua kwa hakika limetokea wapi. Wapo wanaosema ni kwa sababu mmea wenyewe unatambaa na kujitandaza. Wapo wanaosema ni vile vijimbegu vya juu, vinafanana na makapi. "Na wapo," akasema, "wanaosema ni kwa sababu wakulima huyatandikia matunda nyasi kavu ili yasilale kwenye tope."

Shangazi, nilimwomba anifundishe tena. Mimi! Muulize mtu yeyote wa Segera kama amewahi kunisikia nikiomba kufundishwa.

Wewe hukusoma Kiingereza hata neno moja. Ulikuwa unasema "stloberi" na mimi nakucheka mbele ya wateja. Kumbe nusu ya jina ulikuwa umeibeba kichwani kila asubuhi, mganda mzima, kutoka kule mteremkoni. Mimi niliyelitamka vizuri ndiye nilikuwa sijui ninachotamka.

Nikapanda Lutindi siku hiyohiyo. Nikafyeka, nikaanika, nikapiga magoti. Majirani wakanitania, "Leo unasali dini gani?" Nikawaambia ya Shangazi. Kuna tuta moja nililia nikiwa katikati yake, lakini hilo ni langu na lako, usiwaambie wenzako huko.

Vuli ikanyesha. Baba mdogo akaja na jembe begani, mapema, kabla sijanywa chai. Akainua majani ya shina la kwanza. Tunda safi, jekundu, limelala juu ya nyasi kama mtoto wa mjini. Akala moja. Akala la pili. Akatembea tuta zima akila, mpaka nikaogopa nitabaki na majani. Mwishoni akasema, "Dada alikufundisha." Akarudi nyumbani na jembe lake.

Nilitaka kumbishia kwamba nimejifundisha mwenyewe. Ulimi ulikuwa tayari, unanijua. Nikasema, "Ndiyo, alinifundisha."

Asante, Shangazi. Kwa baridi, kwa magoti yenye sugu, kwa kuniuliza swali lilelile kila siku na mimi sijibu.

Pumzika sasa, kazi ninayo. Nakuahidi kila nitakayemuuzia stroberi akiniuliza jina hili limetoka wapi, nitaanza na wewe, ndipo nimalizie na Waingereza. Na Mwingereza akibisha, aje Lutindi apige magoti kwanza, ndipo tuongee.

Mwanao,
Zakaria