Mustari wa Saba

Furaha, mujukuu wangu,

Hapa Bunia siye wote tuko muzuri, na ngombe ya mujomba wako imezaa. Uliniuliza: inchi inajua namna gani kama inatibu kifua kikuu vizuri?

Wakati bunduki zilinyamaza kidogo, nilikunywa dawa ya kifua kikuu miezi mbili, kikohozi ikaisha, nikaacha. Munganga wa hospitali akanifuata mpaka shambani, Bogoro, na kitabu yake ya wagonjwa mukononi.

"Nimepona," nikamuambia.

Akanionyesha jina langu, mustari wa saba. "Siwezi kukufuta, mama. Kila aliyeanza anahesabiwa. Ukiacha, nitakuhesabu na wale tulishindwa kuponya, na hesabu hiyo inapelekwa kwa serikali."

Miye, nihesabiwe kushindwa? Nilirudia dawa, nikakunywa zote, miezi sita. Siku ya mwisho nikamunyanganya biki, nikaandika miye mwenyewe: AMEPONA.

Ni miye koko yako, mustari wa saba.