Hedifoni Juu ya Ukuta wa Bi Mwanaidi

Keko, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nieleze habari za mguu wako. Umepungua kuvimba, au bado unajikaza kwenda shamba na kila mtu amekukataza? Na mihogo imeshika huko Newala? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Nimeshachana karatasi mbili kabla ya hii, na hata sasa naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati ambalo bado halijapigwa vanishi.

Unajua kuwa ushirika wetu wa maseremala una bendi. Redio walitutaka tupeleke wimbo kwenye tepu kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yetu inapewa bendi nyingine. Magitaa yalikuwa kwenye tepu yake, ngoma kwenye yake na waimbaji kwenye yao, na kazi ya kuzichanganya ziwe wimbo mmoja nikapewa mimi pamoja na mashine ya bendi, chumbani kwangu, kwa sababu karakanani misumeno hainyamazi.

Tatizo ni nyumba. Bi Mwanaidi mwenye nyumba amefiwa na mumewe, yumo ndani anakaa eda. Hapa hapigi mtu redio, hata kucheka tunachekea barabarani. Na kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, nikikohoa mimi, yeye chumba cha pili ananiambia pole. Nikaona dawa ni hedifoni, vile vispika vya kuvaa masikioni.

Madukani siku hizi vitu vimeadimika. Nilizunguka mjini mpaka viatu vikalalamika, nikakuta duka moja lina aina mbili. Za kwanza nzito, zinafunika sikio lote na kulibana. Za pili nyepesi, zina sponji tu, na muziki wake mtamu kama uko mbele ya jukwaa. Mwenye duka akasema, "Kama iko watu nyumbani, chukua nzito." Nikajiona najua zaidi yake, nikachukua nyepesi.

Kesho yake wifi yake Bi Mwanaidi, ambaye ndiye anayemwangalia ndani, akanisimamisha uani. "Saidi, chumbani kwako kuna mbu wanapiga gitaa?" Sauti ilikuwa inavuja kwenye sponji! Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi dukani, nikasemwa kwanza, ndipo nikabadilishiwa.

Zile nzito kweli hazivujishi. Lakini zinadanganya, Mama. Sauti nzito ya besi inajaa kichwani, ukiipunguza, ukija kusikiliza kwenye spika ya bendi unakuta imekonda kabisa. Ikabidi nirudie, na nirudie tena. Karakanani nikawa nakata mbao vipimo visivyo, jioni narudi mbio kwenye tepu. Siku zinayoyoma na ubeti wa pili haukai sawa.

Alhamisi nimetoka kazini nikazivaa. Wifi alikuwa amekwenda bombani. Ghafla nikahisi ukuta unagongwa. Nilipozivua nikasikia sauti yangu mwenyewe inamalizia kiitikio, na nilikuwa naimba kwa nguvu zote! Ukiwa umezibwa masikio hujisikii. Kuimba ndani ya nyumba ya eda, Mama! Nilijua leo virago vyangu viko nje.

"Saidi," Bi Mwanaidi akaita kutoka upande wa pili.

"Nisamehe, mama. Sikujua kama natoa sauti."

"Mie sikukugongea ugomvi. Tangu juzi unaimba chinichini huo ubeti mmoja, hufiki mwisho. Unasema mume kahamia kijiji kipya, mke kabaki. Haya, kamfuata au hakumfuata?"

Nikausogelea ukuta, hedifoni mkononi.

"Marehemu alikuwa akipenda muziki," akasema. "Nyumba hii haijawahi kunyamaza hivi. Nyie mnadhani mnanipumzisha. Usingizi wenyewe siupati."

Nikapanda kiti, nikazipitisha hedifoni juu ya ukuta, nikaziteremsha kwa waya wake hadi alipozipokea. Nikaachia tepu. Mimi sikusikia kitu, niliona tu gurudumu la tepu linazunguka na waya unatikisika kidogo. Wimbo ulipokwisha nikamsikia analia, kilio cha kutua mzigo. Baadaye akapenga kamasi. "Ngoma zinamfunika mwimbaji," akasema. "Mpishe asikike."

Nikazipunguza ngoma, na ubeti ukakaa. Ijumaa tepu ilifika redio. Kama itapigwa sijui, ndiyo maana sikai.

Nisalimie kaka mkubwa na wanawe, na shangazi mfinyanzi, mwambie chungu chake bado kinanipikia. Yule jirani anayetuuzia chumvi naye asisahaulike.

Ila kuna jambo linaniwasha tangu siku ile. Baba alipofariki, sisi wanao tuliifungia redio yake sandukuni, tukawakataza watoto kuimba uani, na hata ulipotoka eda hatukuifungua. Tulisema mama anahitaji utulivu. Hakuna aliyekuuliza. Sasa nakuuliza mimi, na usinijibu kwa kunionea huruma: Mama, ulikitaka kimya kile?

Ni mimi mwanao, nangoja neno lako,
Saidi