Kumbikumbi wa Mbele ya Stoo

Voi, Jumanne, Novemba 1956. Mvua ya usiku imekatika alfajiri. Udongo mwekundu unanata miguuni, na moyo wangu ni mzito.

Asubuhi kumbikumbi waliruka. Sisi watu wa magharibi tunaokata mkonge hapa tulifurahi kama watoto. Harufu yao kwenye sufuria ni harufu ya nyumbani.

Barasa, ninayelala naye chumba kimoja, alirudi na beseni limejaa. "Baba Simiyu, leo hata sikuwakimbiza! Wamelala wenyewe, kazi yangu kufagia tu."

Nikamuuliza amewafagia wapi. Mbele ya stoo ya nyuzi, akasema.

Nikainama kuwatazama mle beseni.

Mwaka jana mchwa walikuwa wakila nguzo za stoo ile. Mimi ndiye niliyepewa unga mweupe wa dawa niumwage pale chini. Nyapara alisema mvua ikinyesha, utakwisha. Masika yamekuja yakapita. Mchwa hawajarudi.

Nilimwambia Barasa asiwakaange. Akacheka. "Umekuwa Mzungu sasa? Unaogopa kitoweo cha nyanya yako?" Nikampokonya beseni, nikawamwaga nyuma ya nyumba. Alinitukana mpaka akachoka.

Mchana kuku wake wawili walikuwa wakitetemeka palepale, shingo zimepinda nyuma. Wakafa. Barasa aliwatazama, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilichukua jembe nizike kuku pamoja na kumbikumbi waliobaki. Nikachimba, kisha nikasimama na mpini mkononi.

Nawazika, halafu?

Kwetu udongo hula kila kitu. Hula mfupa, hula nguo, hula nyumba ya marehemu mpaka usijue mlango ulikuwa wapi. Lakini unga huu umeushinda. Umekaa tu humo chini, mvua juu yake, jua juu yake, unangoja.

Niliwafukia kwa sababu sikuwa na pengine pa kuwapeleka.

Mama Simiyu anakuja Jumamosi kwa gari la moshi, na mtoto. Sijamwona mwanangu tangu azaliwe. Wanasema anatambaa sasa, na kila anachookota anatia mdomoni.

Jioni hii nimefagia chumba, nikafagia tena. Nimeinama kutazama vumbi lile mlangoni, nikashindwa kujua ni vumbi gani.

Kesho nitatuma habari asipande gari. Sijui nitamweleza nini akaelewa. Atadhani nimeoa mwingine huku.

Heri adhani hivyo.