Mama Feza Juu ya Kipoyi

Kalemie, karibu na daraja la Lukuga

Kwako Yaya Chola, dada yangu mukubwa mwenye mikono mizito,

Kama karatasi hii imekufikia ikinuka ndagala, usinisingizie mimi. Nimemupa mama mumoja muuza samaki anayeshuka mupaka Mpala na mutumbwi wa moteri, akaniapia ataiweka pakavu. Sikumuuliza ni wapi.

Mimi niko muzima, nimenona, hata shingo imeanza kupotea. Ninyi je? Magoti ya Mama yanaamukaje asubui? Papa bado anakohoa na kusema ni vumbi? Na ule mbuzi mweusi mwenye pembe moja, yuko hai, ao mulimukula Pasaka bila kunikumbuka? Mukumbuke sana huyo mbuzi, maana mbele kidogo nitakuwa na neno juu yake.

Sasa kaa chini na umusomee Mama kwa sauti. Lakini pale nitakapoandika “hapa pita”, wewe pita, jifanye unakohoa kama Papa.

Yaya, mimi ni mutumishi wa hospitali. Rudia kusoma kama hukuamini, mimi ninangoja. Siku ile niliacha masomo ulisema nitazeeka nikibeba vitu vya watu. Ulisema kweli. Tofauti ni kwamba sasa vitu vyenyewe ni watu, na mimi ninavibeba nikivaa bluzi nyeupe.

Kalemie uliyoona zamani imegeuka. Ile hospitali kubwa ya kilimani imejengewa pavio mupya, nyumba ya kuzalishia wamama na kupasulia wagonjwa, simenti yote ya Kabimba, na mabati yake yanang’aa mupaka wavuvi wanayaona wakiwa katikati ya ziwa. Na nyumba kama hiyo haijazwi na wagonjwa tu. Inataka mainfirmie wa kutunza wagonjwa, inataka wa kufua mashuka, wapishi, mazamu wa mulangoni, wa kuchoma sindano na wa kuchemusha sindano. Zamani kijana wa hapa ukimuuliza anatafuta kazi wapi, kidole kilionyesha bandari ao gare, kituo cha gari ya moshi. Siku hizi vidole vyote vimegeuka, vinaonyesha kilima. Mushonaji wa sokoni ameacha suti za abakosti, anashona mabluzi tu. Mama wa maandazi amehamisha meza yake mupaka mulangoni pa hospitali. Na wasichana wanaojifunza uinfirmie wakipita njiani, vijana wote wa bandari wanashikwa na kikohozi mara moja.

Basi na mimi nikapanda. Anayeandika watu kazi ni infirmie shefu, Sitwayen Ilunga, muntu mufupi wa miwani, sauti yake kama filimbi ya refa. Akaniuliza najua nini. Nikamujibu najua kubeba. Wengine mustarini wakacheka, wao walikuwa wamekuja na karatasi zao za masomo za Kifaransa. Shefu hakucheka. Akatuletea kipoyi, ile machela ya turubai yenye miti miwili, akaweka juu yake beseni iliyojaa maji, akasema tuzunguke pavio nzima. Mwenzangu alikuwa Lumona, Mubembe mumoja mwenye kifua kama mulango wa kanisa, tulijuana bandarini. Tukazunguka. Maji hayakumwagika, isipokuwa kidogo, na kile kidogo kilikuwa upande wa Lumona.

Hivyo njo tukawa mabrankardie, wabeba wagonjwa, lakini wa kujaribiwa kwanza. Wajaribiwa walikuwa wengi kuliko nafasi, na mwisho wa mwezi wengine wangerudi bandarini. Siku ya kwanza Shefu alitupanga chini ya ukuta, akasema maneno ambayo nimeyashika kama katekisimu: “Brankardie hachagui. Mugonjwa hana kabila, hana ukoo, hana ukwe. Atakayeacha kushika mugonjwa, aache bluzi yangu kwenye musumari.”

Sasa nikuambie juu ya Feza. (Mama, usikunje uso, ni mutoto wa watu wazuri.) Feza anafua mashuka ya hospitali, aliandikwa mbele yangu. Ni murefu kidogo kuliko mimi, lakini nikivaa viatu vyangu vipya hatujui nani ni nani. Mama yake ni mujane wa muntu wa reli, anakaa kambini kwao, kila mara anaenda na gari ya moshi mupaka Nyunzu kurangua unga. Mbele sijapanda kilimani nilikwenda kwake kujitambulisha, nimejipaka mafuta mupaka nzi wanateleza. Alinitazama mikono. Kisha akanena mbele ya jirani zake wote kwamba mutoto wake hataolewa na mubeba mizigo wa bandari, anayekula siku meli ikifika na kulala njaa siku haifiki. Akanifungulia mulango wa ua yeye mwenyewe, nitoke. Na nyuma yangu akaingia karani mumoja wa posta, mwenye kinga, baiskeli yenye taa na kengele.

Umeona sasa, Yaya? Nikiandikwa hospitali, nitarudi pale na kazi ya mwezi na mwezi. Nikifukuzwa, Feza ataketi nyuma ya kinga ya karani, na mimi nitakuwa nasikia kengele.

Juma la mwisho la kujaribiwa, mutoto mumoja akaja mbio kutoka gare: kuna mama ameanguka wakati anashuka garini, muguu umevunjika, watu waende kumuchukua. Ambilansi ilikuwapo, esanse ya kuiendesha njo haikuwapo. Shefu akasema mimi na Lumona tuende na kipoyi kwa miguu. Tukashuka mbio. Nikapasua watu pale kwenye kituo, “pisheni hospitali, pisheni hospitali”, kifua mbele kama musimamizi wa mukoa. Nikatazama chini.

Alikuwa Mama Feza. Amekaa kati ya magunia yake ya unga, muguu umegeukia pale Mungu hakuupangia. Hakulia. Aliponiona, alisema tu, “Hakuna wengine?”

Na Feza huyu hapa, amefika nyuma yetu na povu ya sabuni mikononi, amekimbia tangu kilimani.

Ninyi wa Mpala sina lazima kuwaeleza. Mama wa muchumba hashikwi, hatazamwi usoni, humupi mukono. Nikimukamata miguu mbele ya gare nzima, nimesema kwa mikono yangu: huyu si mukwe wangu, muntu wa kinga amuchukue Feza. Nisipomukamata, nimesema kwa Shefu: bluzi yako hii hapa, nionyeshe musumari. Na watu wa gare wanajua habari za watu wote. Wakasogea kuona mikono yangu inaenda wapi.

Lumona alikuwa ameinama kwenye mabega yake tayari. Akaniambia nishike miguu. Sikushika. Akanong’ona kwa ile sauti yake ambayo ikinong’ona inasikika Kigoma.

“Mukwe gani huyu? Si alikukataa?”

“Amenikataa yeye,” nikasema. “Mimi sijamukataa.”

Nikamugeuzia mama mugongo, uso kwenye gari ya moshi. Lakini usifikiri nilisimama bure, Yaya, kichwa changu kilikuwa kinakimbia kuliko ile gari. Pale kando kulikuwa na wamama wawili waliotoka naye Nyunzu, wenye mikono ya kutwanga, wewe ungewapenda. Nikawaita. Nikawaambia mumoja aingize mikono chini ya mapaja, mwingine chini ya kiuno, Lumona mabegani, kitenge kipitishwe chini, mukono mumoja uulinde ule muguu mubaya kama yai, na wote wainue pamoja nikisema. Amri zote nilizitoa nikitazama gari. Watu wa nyuma wakafikiri naagiza gari iondoke. Wakamuinua, wakamuweka, wala sikusikia hata “aii”. Ndipo nikarudi kinyumenyume kama kaa, nikatafuta miti ya mbele kwa vidole, nikainua. Mbele, Yaya. Aliye mbele anaona njia tu.

Lumona akaniambia njiani kwamba nimekwisha, kwamba Shefu atasikia mbele hatujafika, maana mutoto yule aliyeshuka nasi alikuwa ametangulia mbio kupeleka habari. Nilijua. Tukapita soko, wauza samaki wakasimama. Tukapita posta, na nani yuko kwenye ngazi? Karani, anapangusa kinga yake. Nikamusalimia vizuri kwa kichwa, mikono ilikuwa na kazi. Mama Feza hasemi, halii, na mimi siwezi kugeuka kujua kama amekasirika ao amezimia.

Mwanzo wa kilima nikasikia kipoyi kinatetemeka. Ni Lumona, anacheka.

“Ee Mumba,” akasema. “Amejifunika.”

Nikamuuliza amejifunika nini.

“Uso. Na kitenge. Uso wote.”

Yaya, wewe ni mwanamuke, unajua mwanamuke anajifunika uso mbele ya nani. Si mbele ya mubeba mizigo. Hapa pita: nililia kidogo. Mikono haikuwa na nafasi, kwa hiyo machozi yalishuka mupaka kidevuni mbele ya watu wote, na watu wakasema maskini, kilima kimemushinda. Mwisho wa kupita.

Kisha sauti ikatoka chini ya kitenge. Haikusema na mimi, ilisema na Lumona, kama inavyopasa.

“Baba wa nyuma, mwambie mukwe wangu asikimbie. Mimi si gunia.”

Lumona akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia, na jirani zake wote waliotufuata walikuwa wamesikia. Feza pembeni alitazama majani. Nikapunguza mbio. Nilikipanda kile kilima kama padri siku ya Ekaristi.

Shefu alikuwa mulangoni, mikono nyuma. Tulipomuweka mugonjwa kwa madaktari, akaniita. Akauliza siku ya kwanza alisema nini. Nikamurudilia neno kwa neno, na “musumari” pia. Akauliza kama ni kweli nilikataa kumushika mugonjwa. Nikasema ni kweli, lakini mugonjwa amefika. Nikaanza kuvua bluzi, kifungo kwa kifungo, polepole, labda atanionea huruma katikati.

Hakuniambia niache wala niendelee. Akaingia kumutazama mama muguu, akakaa ndani, akatoka anapangusa miwani. Akaniuliza nani alimuinua. Nikamuambia wale wamama wawili, na jinsi nilivyowapanga. Akasema muguu umefika umelala vizuri kuliko ile inayoletwa na ambilansi. Kisha akatazama ile pavio yake mupya. Ni nyumba ya wamama, Yaya, na wabebaji wote ni wanaume. Kumbe wanaume wa muji walikuwa wamekwisha kumulalamikia: wake zao hawataki kubebwa na vijana wa bandari, wengine wanakataa kabisa kuingia.

“Funga vifungo,” akasema. “Nenda uniletee hao wamama.”

Wamama hao sasa ni mabrankardie, wanavaa bluzi, na mumoja anatembea mbele yangu kama ni yeye aliyenileta. Mwisho wa mwezi Shefu alisoma majina kwenye uwanja. Akasoma Lumona. Akasoma wengine. Langu akalisoma la mwisho, ili nitokwe jasho, naamini kabisa alifanya makusudi. Hivi nimeandikwa kazi, na nimeandikisha watu kazi. Papa awaambie wale wa barazani kwamba Mumba anajaza hospitali pande zote, kwa wagonjwa na kwa watumishi.

Na bado anatafuta wanawake. Nimemwambia niko na dada Mpala aliyeinua mutumbwi wa mujomba peke yake, na kofi lake nimelipima mimi mwenyewe tangu utoto. Akasema uje. Yaya, usiseme “mimi nani”. Wewe njo huyo. Panda na Mujomba Kaputo, maana yeye lazima aje kwa ile kazi ya kusema mbele ya wakubwa wa Feza, na nyumba ya Lumona iko na chumba.

Musalimie Mama, na umwambie Feza anapika ugali, bukari gumu kama lake. Musalimie Papa, ile dawa ya kikohozi naileta, na ni ya kunywa, si ya kupaka. Musalimie Bibi Kalunga, mama wa Papa, aweke kiko chini anapocheka. Musalimie katekista aliyenifunza herufi, umuombe radhi kwa jinsi ninavyozitumia. Musalimie Manda, mudogo wetu, akae masomoni, kilima hiki kinataka na wenye karatasi za masomo.

Sasa mbuzi. Mama Feza bado amelala pale, muguu juu. Kazi yangu inanipitisha kwenye chumba chake kila siku. Wagonjwa wakinisikia wanaita “mukwe anapita”, yeye anavuta shuka usoni, mimi nageukia ukuta, nasukuma njia yangu kando-kando kama kaa. Feza ananiambia chini ya shuka mama yake anacheka mupaka kitanda kinalia. Mimi sijui, naujua ukuta tu, hata nyufa zake nimezipa majina.

Basi Mujomba aje na ule mweusi wa pembe moja, mbuzi wa kufungua uso, tumupe mama heshima yake, ashushe shuka. Nataka na mimi nione hicho kicheko.

Ndimi mudogo wako mwenye bluzi,

Mumba, brankardie